Hirobumi Daimatsu

Hirobumi Daimatsu (12 Februari 1921 – 24 Novemba 1978) alikuwa kocha wa mpira wa wavu na baadaye mwanasiasa kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa kuifundisha timu ya wanawake ya kiwanda cha nyuzi cha Nichibo mjini Kaizuka, karibu na Osaka. Timu hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha timu ya taifa ya Japani iliyotwaa ubingwa wa dunia mjini Moscow mwaka 1962 na medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Jina lake linatajwa kwa mambo mawili: ufundi mpya wa kupokea mpira, na mazoezi makali ambayo watu wanabishana juu yake mpaka leo.

Maisha ya awali na vita

Daimatsu alizaliwa Utazu, katika mkoa wa Kagawa kwenye kisiwa cha Shikoku. Alisoma shule ya biashara katika mkoa huohuo, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Kwansei Gakuin, alikocheza mpira wa wavu katika timu ya chuo. Wakati huo Wajapani wengi walicheza mchezo huu kwa wachezaji tisa kila upande, wala si sita kama ilivyozoeleka Ulaya na Amerika. Jambo hili ni muhimu kwa yaliyofuata.

Mwaka 1941 alimaliza chuo na kuajiriwa na kampuni ya Dai Nippon Boseki, iliyoitwa kwa kifupi Nichibo, mojawapo ya kampuni kubwa za kusokota nyuzi za pamba nchini. Hakukaa sana. Aliitwa jeshini, akapelekwa China na baadaye Burma (leo Myanmar), ambako alishiriki kama ofisa katika mapigano ya Imphal ya mwaka 1944. Jeshi la Japani lilijaribu kuvuka milima kuingia India bila chakula cha kutosha wala njia ya kuletewa kingine. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba upande wa pili wa vita hivyo walikuwepo askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambao baada ya Imphal waliwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma katika bonde la Kabaw.

Daimatsu alikuwa miongoni mwa wachache wa kikosi chake waliorudi hai. Vita vilipokwisha alikuwa mfungwa wa Waingereza, na baada ya kuachiliwa alirudi Japani na kazini kwake Nichibo. Katika vitabu alivyoandika baadaye, vita hivyo vinarudi tena na tena kama shule iliyomfundisha kwamba mwili wa binadamu hufika mbali kupita pale mwenye mwili anapodhani umefika mwisho. Asiyejua habari za Imphal hawezi kuielewa vizuri namna yake ya kufundisha, hata kama haikubali.

Timu ya kiwanda

Viwanda vya nyuzi vya Japani vilitegemea tangu karne ya 19 kazi ya wasichana waliotoka vijijini. Walikaa katika mabweni ya kiwanda, walifanya kazi miaka michache, kisha wengi wakarudi kwao kuolewa. Mpira wa wavu ulipendwa sana katika viwanda hivyo, kwa sababu hauhitaji uwanja mkubwa wala vifaa vya gharama, na watu wengi wanaweza kucheza pamoja wakati wa mapumziko. Nichibo ilikuwa na timu katika viwanda vyake kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni iliamua kuacha kutawanya nguvu, ikakusanya wachezaji bora mahali pamoja, yaani katika kiwanda cha Kaizuka. Daimatsu alipewa kazi ya kuwa kocha wa timu hiyo mpya iliyoanza mwaka 1954.

Ukocha haukuwa ajira yake. Aliendelea kuwa mfanyakazi wa ofisi, katika idara ya ununuzi wa vifaa, na wachezaji nao walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Asubuhi walikwenda kazini kama wenzao, wakatoka mchana ulipokaribia kwisha, ndipo wakaingia ukumbini. Mazoezi yalikwenda mpaka usiku wa manane, na kabla ya mashindano makubwa hata zaidi ya hapo. Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa tena kazini. Daimatsu mwenyewe alifuata ratiba hiyohiyo, ingawa alikuwa na mke na watoto ambao hawakumwona sana.

Sehemu ya kazi yake isiyosimuliwa mara nyingi ni kutafuta wachezaji. Kampuni iliajiri wasichana waliomaliza shule ya sekondari, hivyo aliyetaka timu nzuri ilimpasa ajue ni shule zipi zinacheza vizuri na nani yuko karibu kumaliza. Shule ya wasichana ya Shitennoji mjini Osaka, iliyokuwa na sifa kubwa katika mchezo huu, ndiyo iliyotoa Kinuko Tanida, Yoshiko Matsumura na Sata Isobe. Emiko Miyamoto, aliyetumia mkono wa kushoto, alitoka mkoa wa Wakayama, na Yuriko Handa alitoka Tochigi. Nahodha Masae Kasai alizaliwa mwaka 1933 katika mkoa wa Yamanashi. Alikuwa na urefu wa sentimita 174, kimo kisicho cha kawaida kwa msichana wa Kijapani wa wakati ule. Mabinti hao waliletwa na wazazi wao, au kwa ruhusa yao, wakiahidiwa kazi, bweni na malezi. Hivyo kocha alibeba dhamana ya mzazi, na katika jamii ya wakati ule dhamana hiyo ilihesabiwa hadi siku binti atakapoolewa. Watu wa nje ambao hawakulijua hili waliona amri za kocha tu, bila kuona upande wake wa pili.

Kutoka wachezaji tisa hadi sita

Nichibo Kaizuka ilishinda haraka mashindano ya nyumbani ya wachezaji tisa. Lakini dunia ilicheza wachezaji sita. Japani ilipoamua kupeleka timu ya wanawake katika Mashindano ya Dunia ya mwaka 1960 nchini Brazil, Daimatsu na wachezaji wake walilazimika kujifunza karibu upya. Katika mchezo wa tisa kila mchezaji ana eneo lake dogo na hahami. Katika mchezo wa sita uwanja una nafasi nyingi tupu, na wachezaji huzunguka, kila mmoja akapita mbele na nyuma. Japani ilimaliza ya pili nyuma ya Umoja wa Kisovyeti.

Kilichowashinda Brazil kilikuwa wazi: Wasovyeti walikuwa warefu zaidi na walipiga mpira kwa nguvu zaidi. Urefu haufundishwi. Daimatsu aliamua kwamba kama hawawezi kupiga zaidi ya wapinzani, basi wasiruhusu mpira kugusa sakafu. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi unaoitwa kwa Kijapani kaiten reshibu, yaani kupokea kwa kubingirika. Mchezaji hujirusha upande au mbele, huuokoa mpira kwa mkono mmoja au miwili karibu kabisa na sakafu, kisha hubingirika juu ya bega na kusimama tena bila kupoteza muda. Faida yake ni kwamba anayeanguka hivi hubaki mchezoni, kwa sababu pigo linalofuata linamkuta yuko wima. Inasemekana wazo lilitokana na kikaragosi cha Kijapani kilichowekewa uzito chini, ambacho hata kikisukumwa namna gani hurudi kusimama.

Kwa maelezo ni jambo dogo. Kwa mwili ni jambo lingine. Kubingirika kwenye sakafu ya mbao mara mamia kila usiku kuliwaachia wachezaji michubuko mabegani na nyongani, na walivaa vitambaa vya pamba chini ya nguo ili kupunguza maumivu. Daimatsu alisimama juu ya meza au karibu na wavu akirusha mipira mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa mbali kidogo na pale mchezaji alipoweza kufika. Aliyeshindwa alirushiwa tena, na mazoezi hayakwisha kwa saa bali kwa kazi kukamilika.

Pamoja na kupokea, timu ilikuwa na mpira wa kuanzisha usiozunguka, ambao huyumba hewani na kushuka ghafla kama jani linaloanguka. Miyamoto hasa aliogopwa kwa mipira hiyo.

Wachawi wa Mashariki

Mwaka 1961 timu ilizuru nchi za Ulaya, ukiwemo Umoja wa Kisovyeti, na ikashinda mechi zake zote. Magazeti ya huko yaliwaita wachezaji hao wachawi wa Mashariki. Kwa Kiswahili neno mchawi ni tusi zito, lakini Wajapani walilipokea kama sifa, na jina hilo likaishikilia timu hiyo moja kwa moja.

Oktoba 1962, katika Mashindano ya Dunia mjini Moscow, Japani iliifunga timu ya wenyeji na kutwaa ubingwa. Mpaka siku hiyo hakuna nchi nyingine iliyowahi kuwa bingwa wa dunia kwa wanawake zaidi ya Umoja wa Kisovyeti, ambao ulishinda mwaka 1952, 1956 na 1960.

Daimatsu na wachezaji wake wakuu walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya Moscow wanastaafu. Kasai alikuwa na umri wa miaka 29, na katika Japani ya wakati ule msichana aliyefika miaka 25 bila kuolewa alianza kusemwa. Lakini mpira wa wavu ulikuwa umeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, nao wanawake wakakubaliwa kushiriki. Ukawa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika historia ya Olimpiki. Barua zilimiminika Kaizuka kutoka kila pembe ya nchi zikiwaomba wabaki. Chama cha mchezo huo nacho kilisihi. Daimatsu aliwaachia wachezaji waamue, na mwanzoni mwa mwaka 1963 waliamua kuendelea.

Hapa wanahistoria wanatofautiana. Wako wanaosema wachezaji hawakuwa na uhuru wa kweli, kwa kuwa taifa zima lilikuwa likiwatazama. Wengine hutegemea maelezo ya wachezaji wenyewe, ambao kwa miaka mingi baadaye, wakiwa wazee, walisisitiza kwamba walicheza kwa hiari na kwamba kuwaita watu waliolazimishwa ni kuwavunjia heshima. Ushahidi wao una uzito mkubwa, kwani hawakuwa tena chini ya kocha wala kampuni waliposema hivyo.

Lawama zilitoka nje na ndani ya nchi. Mwaka 1964, miezi michache kabla ya michezo, jarida la Marekani la Sports Illustrated lilichapisha makala iliyoyaeleza mazoezi ya Kaizuka kama mateso. Nchini Japani kwenyewe baadhi ya madaktari na vyama vya wafanyakazi waliuliza kama ni halali kumfanyisha msichana mazoezi hadi usiku wa manane baada ya siku nzima ya kazi, tena wakati mwingine akiwa mgonjwa au ameumia. Daimatsu hakuficha lolote kati ya hayo. Kitabu chake cha mwaka 1963, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nifuateni, kilieleza wazi namna alivyofundisha na kikasomwa sana. Mwaka 1965 kilitengenezewa filamu.

Jambo moja linaonyesha uzito wa maandalizi hayo. Baba yake Kasai alifariki wakati timu ikijiandaa kwa Olimpiki. Nahodha alikwenda kumzika, akarudi mazoezini.

Tokyo 1964

Mashindano ya wanawake nusura yaharibike kabla ya kuanza. Korea Kaskazini ilijitoa kwa sababu ya ugomvi kuhusu wanamichezo wake waliokuwa wamezuiwa, na timu zilizobaki hazikufikia idadi iliyohitajika. Korea Kusini ikaitwa haraka kuziba pengo, na timu zikawa sita. Kati ya wachezaji 12 wa Japani, 10 walitoka Nichibo Kaizuka.

Japani ilishinda mechi zote ikipoteza seti moja tu, dhidi ya Poland. Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 23 Oktoba katika ukumbi wa Komazawa dhidi ya Umoja wa Kisovyeti. Seti mbili za kwanza zilikwisha 15–11 na 15–8. Katika seti ya tatu Japani ilitangulia mbali, ikabakiwa na pointi moja tu kupata dhahabu, na pointi hiyo ikakataa kuja. Wasovyeti walipanda moja moja hadi 13. Mwishowe mchezaji wao alipitisha mkono juu ya wavu, mwamuzi akapuliza filimbi, na mchezo ukaisha 15–13. Kwa hiyo pointi iliyongojewa na nchi nzima haikupatikana kwa pigo, ila kwa kosa la mpinzani.

Mechi hiyo ilitazamwa katika asilimia 66.8 ya nyumba zenye televisheni katika eneo la Tokyo na mikoa jirani, kiwango ambacho hakijafikiwa na matangazo mengine yoyote ya michezo nchini Japani. Filamu ya Kon Ichikawa kuhusu michezo hiyo inawaonyesha wachezaji wakilia na kukumbatiana, huku Daimatsu akiwa peke yake pembeni, uso hauna furaha wala huzuni.

Baada ya ushindi

Daimatsu aliacha ukocha wa Nichibo mara baada ya Olimpiki, na wachezaji wake wakuu wakaondoka naye. Timu ilikuwa imeshinda mechi 175 mfululizo. Warithi wao waliendeleza mlolongo huo hadi mechi 258, ulipokatwa mwaka 1966.

Kazi iliyokuwa imebaki ni ile dhamana ya mzazi. Daimatsu alijishughulisha kuwatafutia wachezaji wake wachumba, kama mlezi anavyotarajiwa kufanya Japani. Kasai aliolewa mwaka 1965 na ofisa wa jeshi la kujilinda, na Waziri Mkuu Eisaku Sato alihusika kuwakutanisha.

Mwaka huohuo Daimatsu alialikwa China na Waziri Mkuu Zhou Enlai, akawafundisha wachezaji wa huko kwa takriban mwezi mmoja kwa ukali uleule wa Kaizuka. Wakati huo Japani na China hazikuwa na uhusiano wa kibalozi, na mwalikwa alikuwa mtu aliyewahi kuja China akiwa askari wa jeshi lililoivamia. Wachina hawakuacha kutaja ziara hiyo walipoanza kushinda mashindano makubwa, kuanzia Kombe la Dunia la mwaka 1981 hadi Olimpiki ya mwaka 1984.

Nchini Japani ushindi wa Tokyo ulieneza mpira wa wavu mashuleni na mitaani. Katuni ya Attack No. 1, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1968 na kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka uliofuata, iliwafikishia watoto habari za wasichana wanaofanya mazoezi mpaka kuanguka. Upande wenye kusikitisha ni kwamba makocha wengi wa shule waliiga ukali wa Daimatsu pasipo akili yake. Walirefusha saa za mazoezi na kupiga kelele, lakini hawakubuni chochote kama kupokea kwa kubingirika, wala hawakufanya kazi na kulala saa zilezile na wanafunzi wao. Mjadala kuhusu adhabu na mazoezi ya kupita kiasi katika michezo ya shule za Japani bado unamtaja.

Mwaka 1968 aligombea Baraza la Juu la Bunge kwa tiketi ya chama cha Liberal Democratic na akachaguliwa. Huo ulikuwa uchaguzi uliowaingiza bungeni watu kadhaa maarufu ambao hawakutokea katika siasa, akiwemo mwandishi Shintaro Ishihara. Daimatsu alikaa kipindi kimoja cha miaka sita bila kuacha alama kubwa, na mwaka 1974 alishindwa.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwafundisha akina mama wa nyumbani, ambao kwao mpira wa wavu ulikuwa umekuwa burudani kubwa tangu Olimpiki. Mbele yao alikuwa mpole, jambo lililowashangaza waliomjua kwa sifa zake za zamani tu. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo katika mkoa wa Okayama tarehe 24 Novemba 1978, akiwa na umri wa miaka 57.

Nichibo iliungana na kampuni nyingine mwaka 1969 na kuitwa Unitika. Mwaka 2000 timu yake ya mpira wa wavu ilihamishiwa kampuni ya Toray. Mwaka huohuo jina la Daimatsu liliingizwa katika Jumba la Heshima la Mpira wa Wavu lililoko Holyoke, Massachusetts, mji wa Marekani ambako mchezo huo ulibuniwa mwaka 1895.